Shamba lenye sesiamu: dalili zinazojirudia na pa kuanzia kuchunguza

Wakulima wa Polesia, ule ukanda wa misitu na vinamasi unaopita Belarus, Ukraine na magharibi mwa Urusi, wamekuwa wakiuliza maswali yaleyale tangu kinu cha nyuklia namba 4 cha Chernobyl kilipolipuka tarehe 26 Aprili 1986. Wenzao wa Fukushima, Japani, wakaanza kuyauliza Machi 2011, baada ya ajali ya vinu vya huko. Maziwa yamekataliwa na jirani yangu yamepita, kwa nini? Namba ya mionzi kwenye vipimo ilikuwa inashuka kila mwaka, mbona sasa imepanda? Nimekwangua udongo wote wa juu, mbona mahindi hayakui?

Mwongozo huu umepangwa kwa maswali hayo. Kabla ya kuuanza, shika jambo moja, maana bila hilo utahangaika bure: sesiamu, ile dutu ya mionzi iliyotoka kwenye vinu, ikiwa udongoni ni kitu kimoja, na sesiamu inayofika mezani ni kitu kingine. Shamba lenye sesiamu nyingi linaweza kutoa mchele safi kabisa, na malisho yenye sesiamu kidogo yakatoa maziwa yasiyofaa kwa mtoto. Kinachoamua ni aina ya udongo, potasiamu iliyomo, na njia ambayo chakula cha mnyama kimepitia.

Jambo la pili ni muda. Iodini-131, dutu nyingine ya mionzi iliyoleta madhara makubwa ya wiki za mwanzo, hupungua nusu kila baada ya siku 8, kwa hiyo haikai udongoni. Sesiamu-134 hupungua nusu kwa miaka 2 hivi. Zinazobaki na mkulima kwa miongo ni sesiamu-137, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 30, na strontiamu-90, miaka 29 hivi. Sesiamu-137 iliyomwagika 1986 ilifika nusu mwaka 2016.

Kipimo cha mkononi kinalia shambani, lakini mazao yakipimwa maabara ni safi

Hii si hitilafu, ingawa ndiyo inayowatia watu hofu zaidi.

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya kawaida kuliko zote, ni mfinyanzi. Chembe za mfinyanzi wa aina fulani zimejengwa kwa matabaka membamba mno, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Sesiamu hupenya kwenye kingo za kurasa hizo na kunaswa humo. Mvua haiitoi, na mzizi hauipati kwa urahisi. Ukitaka kuona ninachosema, chota udongo kiganja kimoja wa shamba lolote safi la nyumbani, utie kwenye chupa ya maji, utikise. Mchanga utatua chini ndani ya sekunde chache. Maji ya juu yatabaki na rangi ya chai ya maziwa kwa saa nyingi. Ungekuwa udongo wa Fukushima, sehemu kubwa ya sesiamu ingekuwa kwenye huo wingu unaoelea, si kwenye mchanga uliotua. Kumbuka chupa hiyo, tutairudia tukifika kwenye mafuriko.

Sababu ya pili ni kwamba potasiamu ya shamba inatosha, na hilo tutaliona kwenye mpunga. Ya tatu, isiyo ya kawaida, ni mionzi ya asili ya miamba. Kilima cha Mrima kule Kwale, Kenya, kina mionzi ya juu kwa sababu ya thoriamu iliyomo ardhini tangu enzi, wala hakuna kinu kilicholipuka hapo. Kipimo cha mkononi hakikuambii mionzi imetoka wapi.

La kufanya ni kuamini maabara kuhusu chakula, na kuamini kipimo cha mkononi kuhusu mwili wako. Usishike kipimo juu ya kikombe cha maziwa ukadhani umepima maziwa: kiwango cha bekereli 100 (kipimo cha wingi wa mionzi) kwa lita, ambacho ndicho kikomo cha Ukraine na Belarus, hakionekani kabisa kwa kifaa hicho. Lakini anayeshinda juu ya trekta anapata miali kutoka ardhini hata kama mavuno yake ni safi. Japani iliweka mikrosivati 0.23 (kipimo cha miali inayoupata mwili) kwa saa kuwa alama ya eneo linalostahili mpango wa usafishaji. Ukipata sehemu inayopita hapo kwa mbali, hasa chini ya mapaa, kwenye mitaro au ukingoni mwa msitu, usiichimbe mwenyewe. Iwekee alama, waite wahusika wa serikali ya mtaa.

Maziwa yanazidi kikomo ingawa udongo wa eneo lenu si mchafu sana

Hapa pana mengi, na pananiuma kusema kwamba ndipo watoto wengi walipopatia mionzi isiyo ya lazima kwa miaka mingi. Vijiji vya mkoa wa Rivne, Ukraine, viko kiasi cha kilomita 200 kutoka Chernobyl. Sesiamu iliyoangukia huko ilikuwa kidogo kuliko sehemu nyingi zilizohamwa. Na bado, miongo mitatu baadaye, maziwa ya ng'ombe wa familia huko yaliendelea kuvuka kikomo.

Anza na swali rahisi: ng'ombe amekula malisho gani wiki mbili zilizopita? Siyo mwaka jana. Sesiamu haikai mwilini mwa ng'ombe muda mrefu, hutoka kwa maziwa, mkojo na kinyesi ndani ya siku na wiki. Kwa hiyo maziwa ya leo yanakusimulia malisho ya juzi.

Kinachosababisha zaidi ni udongo wa kinamasi, ule mweusi mwepesi uliojaa mimea iliyooza nusu, wenye mfinyanzi kidogo mno. Hakuna kurasa za kuinasa sesiamu, basi inabaki huru na nyasi zinainyonya mwaka baada ya mwaka. Kichanga maskini hufuatia. Baada ya hapo kuna ng'ombe anayeingia msituni, kwani sakafu ya msitu huizungusha sesiamu kutoka jani hadi ardhini na kurudi juu bila kuipoteza. Na mwisho kuna majani makavu yaliyokatwa kwenye uwazi wa msitu, yakaliwa wakati wa baridi. Hapo familia hushangaa namba ikipanda Januari wakati ng'ombe hajatoka zizini.

Ukaguzi mwepesi: mhamishie ng'ombe kwenye malisho yaliyolimwa na kupandwa nyasi, au mlishe majani ya shamba jingine, kisha pima tena baada ya wiki tatu. Namba ikishuka, umeshapata mwizi wako, na hujatumia hela yoyote ya maana.

Ikiwa huna malisho mengine, kuna unga wa buluu. Ni rangi ileile ya buluu ya Prusia ambayo wachoraji wameitumia kwa karne tatu. Huko Polesia huitwa ferosini. Ng'ombe hupewa gramu 3 kwa siku, ikichanganywa na pumba au ikiwekwa kwenye jiwe la chumvi la kulamba. Unga huo hauingii mwilini. Unaikamata sesiamu ndani ya utumbo na kutoka nayo kwenye kinyesi. Maziwa hupungua sesiamu mara 2 hadi 5. Norwe imeutumia kwa kondoo, mbuzi na kulungu wa kufugwa wa Wasami, wenyeji wa kaskazini, kwa chumvi za kulamba na vidonge vikubwa vinavyokaa tumboni wiki kadhaa. Ukiacha kuutoa, namba inarudi ilikokuwa, kwa sababu shamba halijabadilika. Miradi mingi imefia hapo: fedha ikaisha, unga ukaisha, maziwa yakarudi kuwa yaleyale.

Tiba ya shamba lenyewe ni nzito zaidi: kukausha kinamasi kidogo, kuvunja zulia la nyasi za zamani, kulima, kutia chokaa na mbolea, kisha kupanda nyasi mpya. Mara ya kwanza hupunguza sesiamu inayoingia kwenye nyasi mara 1.5 hadi 9 kutegemea udongo. Hudumu miaka kadhaa, halafu hurudiwa.

Tahadhari ya mifugo: usimwage potasiamu nyingi malishoni kwa kudhani kwamba ikiwa kidogo inasaidia, nyingi itasaidia zaidi. Nyasi zenye potasiamu kupita kiasi humpunguzia ng'ombe magneziamu, akaanza kutetemeka, kuyumba na kuanguka. Ukiona hivyo usisubiri matokeo ya maabara, mwite daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Maziwa yaliyozidi kidogo yasimwagwe kabla ya kuuliza maabara. Sesiamu hukaa kwenye maji ya maziwa, si kwenye mafuta, hivyo siagi na samli hubeba kidogo sana. Jibini la kugandishwa kwa kimeng'enya nalo huacha sesiamu nyingi kwenye maji yake. Lakini tatizo likiwa strontiamu, hilo jibini ndilo linaloikusanya, kwani strontiamu hufuata kalsiamu. Ndiyo maana lazima ujue unapambana na ipi.

Mpunga au nafaka yako imezidi, ya jirani imepita

Oktoba 2011 mkoa wa Fukushima ulitangaza kwamba mchele wake uko salama. Mwezi uliofuata mchele wa Onami, kitongoji cha milimani katika jiji la Fukushima, ukapimwa bekereli 630 kwa kilo, wakati kikomo cha muda kilikuwa 500. Watafiti walipochunguza mashamba kama hayo walikuta, tena na tena, upungufu wa potasiamu.

Kwa mzizi, sesiamu na potasiamu zinafanana mno. Zote hupita mlango mmoja. Potasiamu ikiwa tele mlangoni, sesiamu inasukumwa nje. Ikiwa haba, mmea wenye njaa unabeba chochote kinachofanana nayo. Kwa mashamba ya mpunga Fukushima ilichukua lengo la miligramu 25 za potashi, yaani potasiamu ya mbolea, inayopatikana kwa mmea katika kila gramu 100 za udongo mkavu, ikiwekwa kabla ya kupanda. Ni mbolea ya kawaida ya dukani. Hiyo ndiyo iliyookoa kilimo cha mpunga cha mkoa mzima: kuanzia 2012 kila gunia la kilo 30 lilipitishwa kwenye mashine, yapata magunia milioni 10 kwa mwaka, na kuanzia mavuno ya 2015 hakuna hata moja lililozidi kikomo kipya cha bekereli 100.

Basi angalia kwanza potasiamu. Kama mabua ya mpunga huondolewa kila mwaka kulishia ng'ombe, potasiamu inaondoka nayo, na shamba lililokuwa zuri 2013 linaweza kuwa maskini leo. Baada ya hapo angalia mbolea ya amonia. Amonia nayo inafanana na sesiamu, na inaweza kuing'oa kwenye zile kurasa za mfinyanzi. Samadi mbichi nyingi au amonia nyingi kwa mkupuo mmoja hufanya kazi hiyo. Mwishoni angalia maji yanayotoka msituni yakileta majani yaliyooza.

Sampuli ya udongo ichukuliwe sehemu tano za shamba, kina cha sentimita 15, ichanganywe vizuri. Nimeona watu wakipeleka kiganja kimoja cha karibu na mtaro wa maji, ambapo tope jembamba hujikusanya, kisha wakaamua hatima ya shamba zima kwa kiganja hicho.

Alizeti haisafishi shamba. Nalisema waziwazi kwa sababu wazo la kuipanda ili inyonye sesiamu ni zuri, na watu wamelipenda kwa moyo safi. Mwaka 2011 lilijaribiwa kule Iitate, kijiji cha mkoa wa Fukushima, na mimea iliondoa kiasi cha sehemu 1 kati ya 2,000 ya sesiamu iliyokuwa udongoni. Zao la mafuta lina faida nyingine: mbegu za rapa hutoa mafuta yasiyo na sesiamu ya kupimika, hata mmea wenyewe ukiwa umeinyonya, kwa sababu sesiamu haiyeyuki kwenye mafuta. Hilo ni zao la kuishi na shamba, siyo dawa yake.

Namba ilikuwa inashuka, imepanda ghafla

Kwa mifugo inayozurura, uliza kuhusu uyoga. Uyoga wa msituni hunyonya sesiamu kuliko karibu mmea wowote, na kondoo, mbuzi na kulungu wanaupenda. Mwaka wa mvua nzuri ya vuli uyoga ukijaa milimani, nyama huruka juu hata miongo kadhaa baada ya ajali. Wafugaji wa Norwe wanalijua hili, ndiyo maana wanapima wanyama wakiwa hai kabla ya kuchinja na kuwaweka zizini wakila chakula safi kwa wiki kadhaa.

Uingereza walifanya vivyo hivyo kwa kondoo wa milima ya Wales, Cumbria na Scotland. Mkaguzi alimbana kondoo magotini, akamgandamizia kipimo matakoni, akasubiri. Aliyezidi alipigwa rangi mgongoni na hakuruhusiwa kuchinjwa mpaka akae malisho ya bondeni na kupimwa tena. Vikwazo vilivyodhaniwa vingekuwa vya wiki chache mwaka 1986 viliondolewa vyote mwaka 2012.

Kama si uyoga, chunguza chakula kilichonunuliwa. Julai 2011 nyama ya ng'ombe wa Japani ilizidi kikomo kwa sababu ya mabua ya mpunga yaliyoachwa nje shambani wakati vumbi la mionzi linaanguka, kisha yakauzwa hata kwa wafugaji wa mikoa mingine. Ng'ombe walikuwa zizini muda wote. Mabua ndiyo yaliyosafiri.

Halafu kuna mafuriko. Irudie ile chupa: maji yenye tope jembamba ndiyo yanayobeba sesiamu kutoka mlimani hadi shamba lililokwisha kusafishwa. Baada ya mafuriko usilime tope hilo kulichanganya ndani. Liache, lipimwe, kisha uamue.

Udongo wa juu umeondolewa, sasa hakuna kinachokua vizuri

Sesiamu ikianguka kwenye shamba ambalo halijalimwa hubaki karibu yote katika sentimita 5 za juu. Kuziondoa hupunguza sana, lakini hizo ndizo sentimita zenye rutuba ya vizazi. Kwa hekta moja ni mita za ujazo 500, yaani magunia meusi 500 ya mita moja moja yaliyopangwa pembeni mwa shamba lako. Fukushima yote ilikusanya kiasi cha milioni 14 za namna hiyo, zikapelekwa hifadhi ya muda kule Okuma na Futaba. Sheria inataka zitoke nje ya mkoa ifikapo 2045.

Kilichowekwa badala yake mara nyingi ni mchanga wa mlimani. Hauna mboji, hauna potasiamu, hauna hata mfinyanzi wa kuinasa sesiamu kidogo iliyobaki. Dalili ni majani ya njano, maji yanayotuama kwa sababu mashine nzito zimeushindilia udongo wa chini, na mawe yanayovunja majembe. Dawa ni ya polepole: kuvunja tabaka gumu la chini, samadi iliyoiva vizuri na kupimwa, mimea ya kufunika ardhi, potashi kila msimu. Hesabu miaka, si misimu.

Kama hujakwangua bado, usilime. Ukishalima kwa kina, sesiamu iliyokuwa sentimita 5 imesambaa sentimita 20 au 30, na nafasi ya kuiondoa imekwisha. Kulima kwa kugeuza udongo chini juu ni njia halali, inashusha miali na kuepusha magunia, lakini ni uamuzi wa mara moja, na udongo wenye rutuba nyembamba utaifukia rutuba yake pamoja na sesiamu. Mwite mtaalamu wa udongo kabla plau halijagusa ardhi.

Chai na matunda

Mwaka wa kwanza lawama si ya udongo. Mei 2011 chai ya mkoa wa Kanagawa, mbali kusini mwa Fukushima, ilizidi kikomo kwa sababu majani ya zamani yaliipokea sesiamu kutoka hewani na kuipeleka kwenye vichipukizi. Kupogoa kwa kina kulisaidia. Kwenye miti ya matunda sesiamu ilikaa kwenye magamba, na wakulima wa Fukushima waliiosha miti yao kwa maji ya shinikizo, mti mmoja baada ya mwingine, katika baridi ya Desemba na Januari. Kama tunda bichi ni safi lakini lililokaushwa limezidi, kukausha kumeondoa maji na kuacha sesiamu ileile kwenye uzito mdogo. Ndivyo ilivyokuwa kwa kaki (tunda la rangi ya chungwa) zilizokaushwa za Date, mji wa mkoa wa Fukushima, ambazo hazikuuzwa 2011 na 2012.

Sesiamu iko chini, lakini shamba liko karibu na kinu

Strontiamu-90 haitoi miali inayoonekana na mashine za kawaida, zinazopima miali ya gama. Hati inayosema sesiamu ni salama haijasema neno lolote kuhusu strontiamu. Haikufika mbali kama sesiamu, ila kaskazini mwa mkoa wa Kyiv na kusini mwa mkoa wa Gomel, Belarus, imo kwenye nafaka. Mfinyanzi hauinasi vilevile. Inatembea na maji, na ikiingia mwilini hukaa mifupani. Chokaa husaidia pale ambapo udongo ni mchachu, kwa kuwa kalsiamu hugombea nayo mlango. Hapa hakuna ukaguzi wa nyumbani. Kipimo chake ni cha kemia, huchukua siku nyingi, na si kila maabara inaweza. Taja strontiamu kwa jina unapopeleka sampuli, la sivyo haitapimwa. Hata huku kwetu, ambapo Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hupima vyakula vinavyoingia nchini, mwagizaji wa nafaka au maziwa ya unga ana haki ya kuuliza cheti chake kinazungumzia kipi.

Na majivu. Kuni za misitu ya Polesia zikiungua, moshi huenda na mti unaisha, lakini sehemu kubwa ya sesiamu na strontiamu ya mti mzima hubaki kwenye ndoo moja ya majivu. Bibi akiyamwaga bustanini kama mbolea, kama alivyofundishwa na mama yake, anakirudishia kitanda cha viazi kile ambacho msitu ulikuwa umekishika. Bustani ndogo ya nyuma ya nyumba ikizidi kuliko shamba kubwa, uliza ndoo ya majivu inamwagwa wapi. Yasipeperushwe, yasichotwe makavu bila kufunika pua na mdomo. Yaloweshwe, yafungwe kwenye mfuko imara, yakabidhiwe kwa maabara ya mionzi ya wilaya.